Sultani aliyetaga: ndege wa kishungi niliyemnunua Mombasa

Jumatano moja mwezi wa Machi nilifungua tundu nibadilishe gazeti la chini, nikakuta yai. Jeupe, ukubwa wa kungumanga, limetulia juu ya tangazo la nyumba za kupangisha. Mwenyewe amesimama pembeni, kishungi kimelala kisogoni, ananitazama kwa jicho moja kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wenyewe. Huyo ndiye kokatieli, kasuku mdogo wa kishungi, "dume" niliyeuziwa kwa kuapiwa wallahi, tukamwita Sultani miezi saba mizima.

Mashoga zangu wawili wameshaniuliza wapi nilimpata na kama nao wanunue, nimechoka kurekodi sauti za dakika kumi kwenye simu. Basi haya hapa yote. Duka lenyewe silitaji jina. Liko upande wa kisiwani, na mwenye kulitafuta atalisikia kabla ya kuliona.

Mimi ni fundi wa mabuibui. Nashonea nyumbani, Makadara, chumba cha mbele, dirisha linatazama uchochoro. Kijana wangu wa miaka tisa ndiye aliyetaka kasuku. Nilimwambia yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu asahau. Biashara ya kimataifa ya wale wa porini ilipigwa marufuku mwaka 2016, na mimi sitaki maneno na watu wa wanyamapori. Wala kasuku wa pwani yetu, wale wa kijani wenye vichwa vya kahawia, si wa kuvuliwa na kutiwa tunduni. Ndipo jirani akanitajia kokatieli. Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele, akainua kichwa: "Kokteli? Ndani ya nyumba hii?" Tukacheka mpaka machozi.

Duka nalipa haki yake kwanza. Ni safi. Maji yalikuwa mapya, matundu hayakujazwa ndege kama dagaa kwenye pakacha, na harufu ilikuwa ya nafaka tu. Kila kokatieli alikuwa na pete mguuni, dalili ya ndege aliyezaliwa kwa mfugaji. Hilo halikunishangaza, maana ndege hawa kwao ni Australia peke yake, na Australia ilifunga biashara ya kuuza ndege wake nje miaka mingi iliyopita. Unaowaona madukani ni vizazi juu ya vizazi vya tunduni. Kwa sababu wamezagaa hivyo, hawamo hata kwenye orodha ya kasuku wanaohitaji vibali vya kimataifa, tofauti na karibu jamaa zao wote.

Sasa mauzo yenyewe. Kijana wa dukani alimshika mmoja wa kijivu, shavu lina doa la rangi ya chungwa lililofifia.

"Huyu dume, mamangu. Yuwaongea huyu. Mpe miezi miwili tu, atakutajia mpaka jina la mumeo."

"Wajuaje kama ni dume?"

"Tazama kishungi kilivyo kirefu. Jike hana kishungi hiki."

Nikatoa shilingi 7,500 za ndege na 4,000 za tundu. Mfuko wa chakula nikapewa bure, na huo nao una maneno yake huko mbele.

Kishungi wanacho wote, dume na jike. Tofauti iko usoni na mkiani. Kwa wale wa rangi ya asili, dume akikomaa uso wake hugeuka manjano ya kuwaka, na doa la shavuni hung'aa kama embe dodo lililoiva. Jike hubaki na uso wa kijivu, doa limepooza, na ukimgeuza ukatazama chini ya mkia utaona mistari myembamba ya manjano na kijivu, kama kikoi. Tatizo ni kwamba watoto wote, wa kiume na wa kike, wana sura ya jike mpaka wanyonyoke manyoya ya kwanza, na hilo huanza wakifika kama miezi sita. Wangu alikuwa na miezi mitatu. Kwa umri ule hakuna mtu angeweza kuapa kwa kumtazama tu, na mwuzaji mkweli angeniambia: mamangu, bado hajulikani, chukua ama ngoja. Ningechukua. Lakini singemwita Sultani.

Dalili zilikuwepo, mimi ndiye niliyefumba macho. Madume ndio wapiga mbinja. Wanashika wimbo, wanashika honi ya tuktuk, wengine hutoa neno mojamoja. Jike mara nyingi huishia kulia "wiip, wiip" tu akikutafuta. Miezi saba kijana wangu alisimama mbele ya tundu akisema "Sultani, sema hujambo." Sultani akawa anapiga miayo.

Tuseme juu ya ndege mwenyewe, maana hapo sina lawama hata chembe.

Ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Kutoka utosini hadi ncha ya mkia nilipima sentimita 32, na nusu ya hiyo ni mkia mtupu. Uzito wake ni kama gramu 90, sawa na mayai mawili ya kuku wa kienyeji. Akikaa begani humsikii ila kucha. Ukoo wake ni wa kakatua, wale kasuku wakubwa weupe wa Australia, na yeye ndiye mdogo kuliko wote katika ukoo huo. Wataalamu walibishana muda mrefu kama kweli ni wao, mpaka vipimo vya vinasaba vikakata maneno. Jina hilo la kokatieli inasemekana liliingia Kiingereza kupitia Kiholanzi, kutoka kwenye neno la Kireno. Mreno huyuhuyu aliyetuachia meza, leso na Ngome ya Yesu, kumbe mkono wake umefika mpaka tunduni mwangu.

Kishungi ndicho kitu nilichojifunza kukisoma kuliko chote, na kama utachukua neno moja tu katika maneno yangu, chukua hili. Kikisimama wima kama mswaki, ameshtuka au ameona kitu kipya. Kikilala nusu, ncha imejikunja kidogo kwenda juu, ametulia. Hapo hata macho hufumba na mdomo wake husaga polepole, sauti kama mtu anayetafuna mchanga. Kikibanwa kabisa kichwani, tena akatoa sauti ya "fsss" kama nyoka kwenye makuti, ondoa mkono wako. Mimi sikuuondoa siku ya kwanza, nina alama kwenye kidole cha shahada, na fundi bila kidole hicho atashika sindano kwa nini?

Wiki ya kwanza kila nikikanyaga cherehani kishungi kilikuwa juu. Wiki ya tatu kikawa nusu. Mwezi wa pili alishuka mwenyewe kutoka kwenye fimbo ya pazia akakaa juu ya kichwa cha cherehani, inatetemeka naye juu yake, anasinzia. Mkasi mkubwa mpaka leo haupendi. Nikiufungua tu, kishungi juu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo dukani hawakuniambia, na kwa kazi yangu lilikuwa kubwa. Ndege huyu anatoa unga. Kakatua wote wana manyoya fulani laini yanayosagika kuwa vumbi jeupe, nao hulipaka mwilini yale manyoya mengine yasishike maji. Kwenye sakafu ya saruji hulioni. Kwenye kitambaa cheusi cha buibui utadhani mtu amemwaga poda ya mtoto. Nilimkabidhi mteja buibui la arusi lina kivuli cheupe begani, akanitazama, nikaona haya mpaka visigino. Siku hizi vitambaa vinakaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa zipu na tundu nimelihamishia ng'ambo ya chumba. Mwenye pumu nyumbani afikirie mara mbili. Mwanangu ana kifua chepesi, na kipindi cha kaskazi, hewa nzito, alianza kukohoa usiku. Dawa ilikuwa kumwogesha ndege. Kila asubuhi namnyunyizia maji kwa ile chupa ya kupigia pasi, anatandaza mbawa na kuning'inia kichwa chini kama popo, na vumbi limepungua zaidi ya nusu.

Moshi nao. Mapafu ya ndege ni mepesi mno. Sisi Alhamisi jioni chetezo lazima kizunguke nyumba, udi na ubani, hilo sitaliacha kwa ajili ya gramu 90. Lakini Sultani kwanza anahamia kwa mama, mlango unafungwa, madirisha wazi, mpaka harufu itulie. Hatari zaidi ni vile vikaango vyeusi visivyogandisha chakula: kikisahaulika motoni mpaka kikaunguza, mvuke wake humuua ndege kwa dakika chache, wala wewe hutanusa kitu. Nimevitoa vyote. Chapati zimerudi kwenye chuma.

Sasa ule mfuko wa bure. Ulikuwa alizeti, robo tatu nzima. Kwa ndege huyu alizeti ni kama sisi kula mahamri asubuhi, mchana na usiku: vitamu, na vinakuua kwa mafuta. Kwao anaishi bara kavu la ndani, nyasi na migunga, wanatembea makundi makundi wakifuata maji na mbegu. Mvua imenyesha huku, wanakuja, imekatika, wanahama. Chakula chao ni mbegu ndogondogo za nyasi zilizodondoka chini, na wakikuta shamba la mtama hawamwombi mtu ruhusa, wakulima wa kule wanawajua vizuri. Nikaenda Marikiti nikachukua uwele na mtama mwekundu, nikachanganya na alizeti kidogo ya kumbembelezea. Juu yake mchicha, karoti iliyokunwa, kipande cha papai. Parachichi kamwe, ni sumu kwake. Chokoleti vivyo hivyo. Gharama ya mwezi haifiki bei ya kuku mmoja.

Usiku una mambo yake. Ndege hawa wana tabia ya kushtuka gizani: ghafla anapiga mbawa tunduni kama aliyeota jinamizi, anajigonga kila upande. Ilitutokea mara mbili. Mara ya kwanza stima ilipotea na feni ikazima kwa mkupuo. Mara ya pili mjusi kafiri alidondoka kutoka darini juu ya tundu. Asubuhi nilikuta manyoya matatu ya bawa yana damu. Tangu hapo nafunika tundu kwa kanga pande tatu, na taa ndogo ya chaji inawaka pembeni usiku kucha.

Kubwa kuliko yote lilikuwa siku alipotoroka. Dukani walikuwa wamempunguza mbawa, nami nikazoea kumwacha dirisha likiwa wazi. Sikujua kwamba manyoya yale huota upya anaponyonyoka. Mwezi wa Januari, upepo umetulia, mkasi ukaniponyoka ukaanguka sakafuni, na Sultani akapita dirishani kama jiwe la manati. Wanaruka kwa kasi, usiwadharau. Nikamwona amekaa kwenye antena ya nyumba ya pili, kishungi wima, mwembamba kama kidole. Na mnawajua kunguru wetu. Walikuja watatu, halafu saba. Wanazunguka, wanapiga kelele, mmoja akamkwapua mkia. Watoto wa uchochoro wote wako nje, kila mmoja ni kocha: "Mrushie mkate!" "Mwite kwa jina!"

Nilichofanya ni kuitikia. Kila nikitoka chumbani ndege huyu huita "wiip" mpaka nijibu, ndivyo wanavyoshikana kwenye kundi wasipoteane. Nikasimama juu ya sakafu ya paa letu na mkebe wa uwele, natikisa na kuita "wiip" kwa sauti yangu yote, mtu mzima mwenye mtandio wake. Dakika kumi. Kisha akajitupa, akapita chini ya kunguru, akanipiga kifuani na kushika mtandio kwa kucha. Moyo wake niliusikia kwenye kiganja, haupigi, unatetemeka. Mwezi na zaidi baadaye ndio nikakuta yai.

Nikarudi dukani, yai kwenye kikombe cha kahawa kama ushahidi. Kijana alilitazama, akanitazama.

"Basi faida, mamangu! Umenunua mmoja, watakuwa wengi."

"Bila ya mume?"

"Mume ninaye. Nakupunguzia alfu moja."

Sikuweza kukasirika vizuri, nilikuwa nacheka. Lakini kuomba radhi hakuomba, na nilipouliza kwa nini jike peke yake ataga, alisema ni raha tu imemzidi. Si uongo wote. Porini hutaga mvua ikija na chakula kikiwa tele, ndani ya pango la mti, mara nyingi mikaratusi iliyo karibu na maji. Mimi nilikuwa nimemlisha vizuri, taa inawaka mpaka saa nne za usiku ninaposhona, na nilikuwa namwacha ajipenyeze kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa chini ya meza. Nikidhani anacheza, kumbe amepata pango lake. Kikapu kimeondoka na taa ya kushonea sasa inazimwa mapema. Anahitaji kulala kwa muda wa saa kumi na mbili au karibu yake.

Nikaambiwa na mfugaji mmoja nisiyachukue mayai, maana ukiyachukua hutaga mengine kuyafidia, na kila yai lamtoa chokaa mwilini. Lile la kwanza nikalirudisha. Akawa anataga siku moja, anapumzika siku moja, hadi yakatimia matano. Jumamosi tulikwenda ufuo wa Nyali, mimi na mwanangu, tukaokota mifupa ya ngisi ya kumrudishia chokaa, ile myeupe myepesi inayoletwa na maji kujaa. Dukani kimoja chauzwa shilingi 150. Tuliokota kumi na mmoja, tukailoweka maji baridi siku mbili kutoa chumvi, tukaianika juani. Aliikwangua kwa mdomo kama mtu anayekuna nazi.

Nyota? Ndege nampa tano, pamoja na unga wake. Duka nalipa tatu: moja ya usafi, moja ya pete mguuni, moja ya ucheshi wa yule kijana. Mbili nimezizuia kwa alizeti na kwa kiapo. Tundu nililouziwa nalo nina neno moja tu: ni jembamba refu kama kibuyu, wakati ndege huyu ataka upana wa kunyoosha mbawa. Nimechongesha jingine kwa fundi wa madirisha. Na mwenye kununua ajue ananunua mtu wa nyumbani wa miaka 15 au 20, wengine huvuka hapo. Mwanangu atakuwa na ndevu.

Kuatamia ni siku 18 hadi 21. Kwao wanapokezana zamu, dume mchana, jike usiku. Wangu hakuwa na wa kumpokea, akalala juu ya mayai yasiyo na kitu, kishungi kimebanwa, akifoka kila nikisogeza kikombe cha maji. Mama alikuwa akipita anamwambia, "Pole mwanangu, wanaume ndivyo walivyo." Siku ya 22 alitoka mwenyewe, akanywa maji, akajikung'uta unga mwingi sana, akapanda juu ya cherehani. Mayai nikayatoa usiku, nimeshafunika kanga. Jina hatukubadilisha. Mwanangu amekataa, anasema Sultani ameshazoea.